Baba amenipa nyumba, mchumba hataki kuingia: niiache nyumba au nimwache yeye?

Mshona Viua, Mkomani

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Nina jambo limeninyima usingizi na nimechoka kulizungumza na watu wale wale wa nyumbani. Nalileta hapa, hasa kwa waliooa au kuolewa nje ya mji wao.

Nina miaka 33, sijaolewa bado. Nafundisha chekechea, mwajiri wangu ni kaunti ya Lamu, na jioni nashona kofia za viua, zile za kutariziwa vitundu kwa mkono. Nakaa kwa wazazi Mkomani. Kwetu tu watoto wanne, kaka mmoja na wasichana watatu. Dada zangu wawili kila mmoja alipewa nyumba yake alipoolewa, kama ilivyo ada ya watu wa Amu, yaani Lamu. Mkubwa yuko ng'ambo ya kichochoro, nyumba yake na yetu zimeunganishwa na wikio, daraja la juu ya kichochoro, mama akitaka chumvi hapiti njiani. Wa pili alirithishwa ya bibi. Mimi nikapewa orofa ya juu. Baba ameisema tangu sijabaleghe, na mwaka jana alitoa boriti zilizooza upande wa msana, kile chumba kirefu cha mbele, akatia mpya. Boriti siku hizi si kitu cha kununua kwa mzaha. Mzee wa watu alifanya vile ili mimi nikipata mume, nyumba iwe tayari.

Kabla ya huyu walikuja wengine. Mmoja alitaka niwe mke wa pili, na mke wa kwanza hana habari. Nikakataa. Mwengine ni mtoto wa shangazi, tumekua pamoja, sikumwona kwa jicho hilo hata nilipojilazimisha. Wanaume wa rika langu wengi wako Mombasa na Uarabuni, baadhi wamemezwa na unga wa kulevya, na waliobaki wakisikia mwanamke ana mshahara wake na thelathini imepita wanauliza ana kasoro gani. Kwa hivyo miaka ilikuwa inakwenda tu, nami nimejishughulisha na watoto wa watu na sindano yangu.

Huyu ni mtu wa Malindi, Mgiriama Mwislamu, kwao ni upande wa Ganda. Ana miaka 37, hajaoa. Ni fundi wa umeme bandarini Kililana, amepanga chumba Mokowe. Aliona kofia zangu kwenye simu akaagiza moja ya ami yake. Kofia ya viua haishonwi kwa kukisia, lazima upate kipimo cha kichwa. Wateja wengi hunitumia namba, na nusu yao namba yenyewe si sahihi. Yeye alinipa uzi. Aliuzungusha kichwa cha ami yake, akaufunga fundo palipokutana, akautia kwenye bahasha na juu yake akaandika, "Ami hapendi ikae juu ya masikio." Bahasha ile ninayo mpaka leo. Nilijua hapo hapo kwamba huyu ni mtu anayewatazama watu wake vizuri.

Kofia moja huchukua miezi, na katika miezi hiyo tukazungumza kila usiku. Alipoona jambo limekuwa jambo hakunizungusha, alimtafuta kaka yangu akajieleza. Tangu hapo akija Ijumaa huswali kwetu, kisha hukaa dakani, baraza la mlangoni, na kaka, nami huitwa, na mtoto wa dada anawekwa katikati yetu na daftari lake la hesabu. Yule mtoto sasa anajua kugawanya kwa sababu ya mchumba wangu.

Barua ya posa imeletwa na wazee wake na imepokewa. Mahari tumeelewana, kilemba cha baba na mkaja wa mama vimezungumzwa bila kelele. Kilichokwama ni pa kukaa. Kwetu bwana harusi huingia kwa bibi harusi, na nyumba ni ya mke. Kwao mwanamume humchukua mke akampeleka kwao. Mama yake amesema mtoto wake wa kwanza hawezi kwenda kuolewa Lamu. Yeye mwenyewe aliniambia kwa upole, na ndio uliouma zaidi: "Nitapanda vipi ngazi ya mkwe wangu kila siku, viatu mkononi?" Ngazi ya kwenda juu inaanzia dakani, lakini inapita mbele ya mlango wa baba.

Anachotaka yeye ni tupange vyumba viwili Mokowe, halafu nyumba yake ya Ganda ikiisha tuhamie huko. Imefika kwenye linta. Lakini Malindi ni kaunti ya Kilifi. Mwalimu wa TSC, tume ya taifa ya walimu, huomba uhamisho. Sisi wa chekechea tu wa kaunti, nikivuka mpaka kazi imebaki huku. Na mama yangu presha inampanda, mimi ndiye wa mwisho nyumbani.

Naomba mnisaidie. Kuna mtu wa bara au wa Malindi aliyeingia nyumba ya mkewe Lamu wakaishi vizuri? Naweza kuweka sharti la kutohamishwa kwenye ndoa? Na je, ninamkosea kumtaka aje kwangu? Tafadhali msiniambie nimwache, nampenda. Na msiniambie pia kwamba ni nyumba tu.

Bi Mkubwa wa Langoni

Waalaykum salam mwanangu. Usitoke kwenye nyumba yako.

Nakwambia kwa sababu nimeyaona. Niliolewa nina miaka 19 nikiwa kwangu, nyumba niliyopewa na baba, Mungu amrehemu. Tuliishi, tukazaa, halafu mambo yakaharibika kama yanavyoharibika. Siku aliyoniacha alitoka na sanduku lake na redio. Mimi sikuhama. Watoto hawakubadilisha chuo cha Kurani wala skuli, usiku ule walilala vitandani mwao, na jirani wa asubuhi alikuwa yule yule. Nenda kawaulize wanawake wa miji mingine waliopewa talaka walilala wapi siku ile. Wengine walirudi kwa kaka zao, wakakaa chumba cha uani na wifi anahesabu sahani.

Wazee wetu waliotoa nyumba kwa watoto wa kike hawakuwa na pesa za kuchezea. Walijua mtoto wa kiume atapata pa kulala popote, wa kike akikosa kwake atavumilia asiyoyaweza. Nyumba ile ni haki yako ya kusema "hapana" ndani ya ndoa yako.

Na mimi nasikitika kuona Mkomani ya leo. Nyumba ngapi zilizokuwa za mabinti zimeuzwa kwa wageni, zinafunguliwa miezi miwili kwa mwaka? Baba yako hakuuza. Ametia boriti. Mwanamume anayekupenda ataliona hilo.

Mzaliwa wa Muyeye

Bi Mkubwa, shikamoo. Nakuheshimu, ila nadhani huyu ndugu yetu hajaeleweka, na mimi ni Mgiriama kama yeye kwa hivyo wacha niseme upande wetu.

Kwetu kijana akioa anajenga ndani ya boma la babake. Pale ndipo watoto wake wanapohesabiwa, pale ndipo wazee wanakaa kusikiliza kesi yake na mkewe wakigombana, na pale ndipo atakapozikwa. Mwanamume anayekaa kwa wakwe, watu wanachukulia kwamba mahari imemshinda, kwa hivyo amejitoa yeye mwenyewe badala ya mali. Huyu mahari anayo! Ndiyo maana inamuuma. Anajitahidi kutoa kila kitu sawasawa halafu bado aonekane kama ambaye hakutoa. Mama yake naye anaishi Ganda na majirani wa Ganda, hawajui ada za Mkomani na hawatasomewa.

Dada, mimi sisemi uhame. Kazi ya kaunti siku hizi ukiiacha hurudi kuipata, na mama mgonjwa ni mama mgonjwa. Nasema usilibebe jambo hili kati yenu wawili kwenye simu usiku. Kwetu kitu kama hiki hakimalizwi na mvulana na msichana. Yule ami aliyeshonewa kofia ndiye mtu wako. Akisema ami kwamba kijana aende, mama atanung'unika lakini atanyamaza. Na kijana apewe pa kusimama. Ile nyumba ya Ganda iishe, iezekwe, mwende Idi na likizo za shule, watoto wakapajue. Mkimwambia aiache ikae linta hivyo hivyo, hapo mmemvua nguo mbele ya watu wake.

Jambo lingine, na hili usilikasirikie. Wewe umeandika ngazi inapita mbele ya mlango wa baba. Mwanamume wa kwetu na mkwewe wana heshima kubwa sana, hata kula pamoja ni kazi. Kumwambia apite hapo usiku na asubuhi miaka yote si kitu kidogo. Sidhani ni kiburi.

Mshona Viua, Mkomani

Mzaliwa wa Muyeye, ahsante sana. Hili la ngazi nilidhani ni maneno tu ya kukataa. Sasa nimekumbuka kwamba hata dakani hukaa upande wa njiani, mgongo kwa mlango, na baba akitoka yeye husimama mpaka mzee apotee kichochoroni. Sikuwahi kuyaunganisha.

Bi Mkubwa, maneno yako nimemsomea mama, amelia.

Mkaazi wa Hindi

Mimi nafikiri mnajitesa. Tafuteni kiwanja huku Hindi au Mokowe mjenge wenu wawili, si wa baba yako wala wa mama yake. Kazini utavuka na chombo asubuhi na kurudi jioni, watu wanafanya hivyo kila siku. Nyumba ya Mkomani uipangishe.

Mshona Viua, Mkomani

Ndugu yangu, nakushukuru, nimelifikiria. Lakini chekechea inaanza mapema na mwalimu hawezi kuchelewa kwa sababu chombo kinasubiri kujaa, watoto wadogo hawaachwi peke yao. Na nyumba ya mawe ukiipangisha bila wewe mwenyewe kuwepo, chumvi na mchwa vitaila kabla hujapata kodi ya kuitengeneza.

Nimeingia Mkomani

Mimi ni yule unayemtafuta. Nimetoka Garsen, Mpokomo, nilikuja Lamu kikazi nikaoa hapa, na naishi nyumba ya mke wangu Mkomani. Watoto watatu.

Mwanzo ulikuwa mgumu na sitakuficha. Nilikuwa najihisi mgeni kila nikisikia sauti ya mkwe chini. Nikipika chai usiku nafikiri kijiko kinasikika. Nikinunua kiti nafikiri nakiweka kwa ruhusa ya nani. Mke wangu alikuwa haelewi, kwa sababu yeye amezaliwa mle, kila ukuta ni wake. Jambo lililobadilisha maisha yetu ni mlango.

Nyumba yetu nayo ilikuwa orofa ya juu, ngazi moja. Nikamwendea mkwe kupitia kwa shemeji, nikaomba tufungue mlango wetu kwenye kichochoro cha nyuma, ngazi ipande moja kwa moja hadi kiwandani kwetu, yaani uwanja wa ndani. Gharama yangu. Mzee akafikiri siku kadhaa, akakubali. Kuanzia siku ile nikawa na kitasa changu. Nikiwa na wageni wanaingia kwangu. Mkwe akitaka kuja juu anazunguka nje, anabisha hodi, nami nampokea kama mwenye nyumba ninavyompokea mgeni wa heshima. Amekuja mara nyingi sana tangu hapo. Zamani alikuwa haji kabisa, naye pia alikuwa anaona haya.

Halafu kuna suala la matumizi. Nyumba ni ya mke, lakini sharia imeniwekea mimi kumpa mke wangu makazi. Tukakubaliana hivi: sikulipi kodi, lakini chokaa, dari, maji, na kila kitu kinachooza ni juu yangu. Nyumba ya mawe haiishi kazi. Kila mwaka kuna ukuta unaopumua chumvi, plasta inaachia, inabidi ukwangue mpaka jiwe la bahari lionekane na upake chokaa upya. Saruji usiiguse, inafunga unyevu ndani, boriti zinaoza vichwa palipoingia ukutani. Mimi mwenyewe nimejifunza kuchanganya chokaa. Mtu akiniuliza nafanya nini kwenye nyumba ya mke wangu, namwonyesha mikono.

Kuhusu maneno ya watu, Garsen waliyasema. Mama yangu alikuja mara ya kwanza akakaa wiki nzima na uso umekunjwa. Siku ya kuondoka akamwambia mke wangu, "Mwanangu amenenepa." Kwetu hiyo ni sifa, na yakaishia hapo.

Ushauri wangu mmoja: usimwambie "njoo kwangu". Mwambie mna nyumba ya kutengeneza. Mpe kazi ya kweli ndani yake kabla ya harusi, achague hata mahali pa taa. Si umesema ni fundi wa umeme?

Karani Mstaafu

Nimesoma yote. Nilifanya kazi mahakamani miaka mingi, nyingi katika hizo kwenye faili za mirathi za pwani hii, na nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Dada, baba yako amekupa nyumba kwa mdomo au kwa maandishi?

Kwa sababu kama ni kwa mdomo, bado unazungumzia nyumba ya baba yako. Hiba, yaani zawadi, katika sheria ya Kiislamu inataka mtoaji atamke, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Baba anayesema "hii ya juu ni yako" huku funguo ziko kwake, vitu vyake viko mle na kodi ya ardhi iko kwa jina lake, siku akifa watoto wengine wanaweza kusema hapakuwa na makabidhiano. Basi sehemu ile inaingia kwenye urithi. Umesema mko kaka mmoja na dada watatu, na mama yuko hai. Kama wazazi wa baba yako wameshatangulia, hesabu yake ni hii: mama thumuni, inayobaki mnagawana, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ukiikata mafungu 40, mama ana 5, kaka 14, na nyinyi wasichana 7 kila mmoja. Orofa yako imekuwa mafungu 7 kwa 40. Nimeona ndugu waliopendana sana wakiachana vibaya kwa jambo hili, na mara nyingi si kaka mwenyewe anayeanza, ni wakati umepita na wajukuu wamekuja.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na mchumba, zungumza na mzee. Iandikwe hiba, na ndugu zako wote watie sahihi kama mashahidi ili isionekane umependelewa kwa siri. Upewe funguo. Uhamishe vitu vyako juu, hata kama ni cherehani na makasha ya nyuzi. Nyaraka za ardhi nazo zifuatwe, kwa sababu nyumba za Lamu nyingi hati zake ni za jina la babu. Mahakama ya Kadhi ipo hapo hapo Lamu, hii ndiyo kazi yao chini ya Katiba, kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu.

Sasa sharti lako la kutohamishwa. Hapa nitakwambia ukweli usio mtamu. Sisi wengi pwani ni wa madhehebu ya Shafi. Kwa Shafi, mke akiweka sharti kwamba asitolewe nyumbani kwake, ndoa inasihi lakini sharti halimfungi mume. Kwa madhehebu ya Hanbali linamfunga, na akilivunja mke ana haki ya kutaka ndoa ivunjwe. Wanaolitetea hutaja hukumu ya Sayyidna Omar kwa mke aliyeolewa kwa sharti la kubaki nyumbani kwake, mume akataka kumhamisha, na Omar akasema ana sharti lake. Hivyo liandike, lizungumzwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na lichukuliwe kama ahadi ya Mwislamu. Muulize Kadhi wenu yeye hulitazamaje. Lakini usijenge maisha yako juu yake peke yake.

Mali nayo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu, na kwa jambo hili njia zote mbili zinafika pamoja: ulichokuwa nacho kabla ya ndoa ni chako. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 9, inasema mwenzako akichangia kuiboresha mali yako, anapata haki kwa kadiri ya alichochangia. Nimemsikia ndugu wa Garsen hapo juu anajenga milango na kupaka chokaa. Vizuri sana, lakini yeye na mkewe waandike: ni zawadi, ni matumizi ya mke anayodaiwa mume, au ni mkopo? Wakati wa kuandika ni sasa wanapopendana. Kifungu cha 6 kinawaruhusu wanaotaka kuoana kuandikiana makubaliano ya mali kabla ya ndoa. Si kutakiana mabaya.

Mwisho, mwambie na hili mchumba wako, kwa sababu litamtuliza. Ukitangulia wewe kufa, yeye ni mrithi wako: robo kama mna watoto, nusu kama hamna. Hawezi kutolewa mle kama mpangaji. Wazee wengine wasiotaka nyumba itoke kwenye kizazi huiweka wakfu wa familia. Baba yako akitaka njia hiyo, ajue kwamba haitauzwa tena.

Nimeingia Mkomani

Karani, umenishtua. Sisi hatukuandika kitu. Leo usiku nitakaa na mama watoto.

Mshona Viua, Mkomani

Nimerudi na habari.

Baba nilimkuta baada ya swala ya asubuhi, nikamsomea maneno ya Karani neno kwa neno, pamoja na hesabu ya mafungu. Alinyamaza muda mrefu. Nikaogopa nimemwingiza kwenye fikra za kifo. Akasema, "Kumbe nilikuwa nimekupa maneno." Akamwita kaka. Kaka, Mungu amzidishie, hakuuliza hata swali moja, alisema tu tuweke siku na dada wote wawepo. Hati zilizokuwa kwenye kasha la bibi zimetolewa, zina jina la babu kama alivyosema Karani, na tumeanza kuuliza utaratibu. Funguo za juu ziko mkononi mwangu na cherehani imepanda.

Kisha nikazungumza na mchumba. Sikumwambia aje kwangu. Nilimwambia mlango wa dakani sitaki tuutumie, nataka tufungue wetu upande wa nyuma, na mimi sijui waya za umeme zipite wapi kwenye kuta zile nene. Akauliza ukuta una unene gani. Nikapima kwa mkono kwenye dirisha nikamwambia. Dakika chache baadaye amenitumia mchoro kwenye karatasi ya kazini, na alama ya swichi karibu na kitanda ili mama akiniita usiku nisitembee gizani. Niliutazama mchoro ule sana.

Hajasema ndiyo. Amesema ami yake na mzee mwengine watakuja Ijumaa ya wiki ijayo, na mama yake amekubali kuja nao kuona kwanza. Nimemwahidi, na nimeliandika kwa mkono wangu, kwamba Ganda itaezekwa kabla hatujanunua fanicha yoyote, na likizo ya Desemba ni ya Ganda kila mwaka. Mshahara wangu utachangia mabati. Sharti la kutohamishwa nalo amelikubali liandikwe, ila naye ana lake: mama yangu akiwa hayupo tena na yeye akipata kazi kwingine, tulizungumze upya, nisimtajie karatasi. Nimeona ni haki.

Dada mkubwa hajafurahi. Anasema nimetoa sana. Mimi sioni hivyo, nimebaki na kazi yangu, mama yangu na nyumba yangu, na huyu mtu.

Nina swali moja la mwisho kwa ndugu Nimeingia Mkomani. Ukuta wa nyuma una zidaka, vishubaka vya ukutani, upande wa ndani, za zamani sana, mama hataki ziguswe. Fundi mmoja amekuja akasema atavunja tu kwa nyundo. Mlifanyaje nyinyi?

Nimeingia Mkomani

Huyo wa nyundo usimpe kazi. Kwanza nendeni ofisi ya makumbusho, mji wa kale umehifadhiwa na uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Kufungua mlango kwenye ukuta wa nje kunataka idhini, nao watakuja kutazama na kukwambia wapi pasiguswe. Sisi walitusogeza kidogo kutoka tulipotaka, na wakawa sawa.

Fundi awe wa chokaa, si wa saruji. Anaanza kwa kutia boriti za kubeba ukuta juu ya mahali pa mlango, upande mmoja kwanza, halafu wa pili, ndipo anatoa mawe moja moja kuanzia juu. Zidaka zifunikwe kwa magunia kabla hata patasi haijaguswa. Mawe yanayotoka msiyatupe, yatafaa kwa ngazi. Na msianze kabla masika haijaisha, chokaa haikauki.

Namba ya fundi wetu nakutumia pembeni. Mwambie mchumba wako awepo siku ya kwanza, apitishe mabomba ya waya kabla ngazi haijajengwa.